Udongo wa Uani kwa Mama

Wifi yangu huchora kwa udongo. Rangi anazo, zimekaukia kwenye droo, lakini anasema kilima kichorwe kwa kilima chenyewe. Kaka yangu alipomuoa alituletea mwalimu wa kuchora wa shule ya msingi, mpole, mwenye kucha safi. Leo sebule yetu imejaa mikebe ya maziwa ya unga, yote udongo mtupu, mpaka juu ya kabati la vyombo. Na anayefagia ni mimi.

Kazaliwa ng'ambo ya mpaka. Zamani mpaka wenyewe ulikuwa kijito na askari mmoja mwenye usingizi. Wifi alikuwa akivuka asubuhi kumsalimia mama yake, anarudi kupika chakula cha jioni. Vita vilipoanza wakaweka seng'enge, kisha wakatega mabomu ardhini, kisha hakuna aliyevuka tena. Ndipo akaanza kuchora vile vilima, upande huu na upande ule, kwenye vitambaa vikubwa vinavyofunika ukuta mzima. Pale mpaka unapopita hapaki kitu. Anaacha mstari mweupe unaokata shamba, njia, hata ng'ombe. Watu wa majumba ya sanaa husimama mbele ya mstari huo wakausifu mpaka mate yanawakauka. Nilimwambia, "Wifi, mwenzetu unasifiwa kwa pale usipochora!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Udongo wa ng'ambo huletwa na dereva wa lori anayezunguka kupitia nchi ya tatu. Anayeuchota ni mdogo wake wifi, aliyebaki na mama yao. Safari hii wifi aliomba udongo wa uani kwa mama, pale mlangoni mwa jiko anapokaa kuchambua mchele. Picha ilikuwa imekwisha, imebaki hiyo nyumba tu, na maonyesho yalikuwa yamekaribia. Mama alikuwa ameahidiwa kwamba atatumiwa picha kwenye simu ya huyo mwanawe, aone jiko lake lilivyotundikwa ukutani kwa wakubwa.

Mkebe ulifika tukiwa tunaanua nguo. Wifi akaufungua palepale barazani, akachovya kidole na kukitia mdomoni. Ndivyo anavyofanya kazi: meno humwambia mchanga ni mwingi au mchache, ajue atie gundi kiasi gani. Nikageuka nimtanie, nikamkuta amepigwa na butwaa, kidole bado kiko mdomoni.

"Huu hauna mchanga," alisema. "Uani kwetu udongo ni mwekundu, una mchanga. Huu wa manjano uko chini, wifi. Chini kabisa. Mpaka mtu achimbe azame kifuani."

"Basi wanachimba choo," nikasema. Nilikuwa natania, Mungu ananiona.

Alilidaka neno hilo. "Choo! Eeh, choo. Kile cha zamani kilikuwa kimejaa." Akampigia mdogo wake, akaweka spika.

"Mnachimba choo huko?"

Yule kijana alijibu kwa sauti ya chini.

"Hapana, dada."

"Sasa huu udongo mmechimba nini?"

"Dada... mdomo umenishinda. Kila nikitaka kukwambia ulimi unaganda. Nikasema nikutumie tu, ukiuona utajua mwenyewe."

Nguo zilinidondoka zote chini. Jamani, nani hutuma msiba kwenye mkebe wa maziwa?

"Muongo!" wifi alisema. "Mama nimeongea naye juzi. Ana mafua, sauti imekauka. Kaniambia nivae sweta."

"Yule alikuwa mke wangu, dada. Mama tulimzika mvua zilipoanza. Mwenyewe alikataza usiambiwe. Alisema ukisikia anaumwa utavuka tu, na vilima vimejaa mabomu."

Nilitaka kuinyakua ile simu nimtukane yeye na mkewe, wamchezee mtu namna hiyo, waigize sauti ya marehemu! Tusi halikuja. Angevuka. Kila mtu nyumbani kwetu anajua kwamba angevuka.

Wifi alikata simu. Hakulia. Aliutazama mkebe, kisha akanitazama mimi, na meno yake yalikuwa bado ya manjano.

"Wifi," akasema, "nimemtia mdomoni."

Nilikimbia ndani nikaleta kikombe cha maji na beseni. Nikamshika kichwa kama mtoto. "Sukutua, mama. Sukutua uteme."

Akavuta maji, akayazungusha mdomoni, mashavu yakajaa. Nikamsogezea beseni karibu na kidevu. Akaliangalia, akafumba macho, akameza.