Ng'ombe wa Tryphena Yuko Nairobi

Saa tatu asubuhi, soko la hisa Nairobi ndipo linapofunguliwa, lakini soko la Voi limeshachangamka zamani. Gunia la kabeji kutoka Bura linatua chini kwa kishindo, na Tryphena Wakesho hata halitazami. Simu iko sikioni.

"Sifuna mwanangu, umeamkaje? Haya, niambie, ng'ombe yetu imekula?"

Upande wa pili, katika ofisi ya broka wa hisa, kijana anacheka. Amemzoea.

"Haijakula, Mama. Imeshuka tena, iko arobaini na moja."

Tryphena anashusha pumzi. "Basi leo jioni watanimaliza."

Watakaommaliza ni wenzake wa kikundi cha akina mama. Akiba yao ya miaka mitatu iko kwenye hisa za kampuni ya saruji, walizonunua kwa shilingi hamsini kila moja. Kila mmoja ana hisa kwa jina lake, ila walikubaliana kununua pamoja na kuuza pamoja. Aliyewachagulia broka wa mtandaoni ni Tryphena. Jioni hii wanapiga kura: wauze kwa hasara kikundi kife, au wangoje.

"Kikivunjika, ni mimi nimekivunja," anasema mama huyu wa miaka hamsini na mbili, ambaye siku njema kabeji humwachia faida ya shilingi mia saba. "Kununua kwangu hawataacha. Lakini kila kabeji wataigeuza mara mbili mbili."

Kumpata broka haikuwa kazi ndogo. Kwa wakulima wa Bura, broka ni yule anayefika shambani na lori, anatukana nyanya zako, kisha anazinunua kwa bei ya matusi yake. Sasa wamtafute wao wenyewe, tena kwa simu?

Tryphena akarudia desturi aliyolelewa nayo. Kwao milimani, mwenye ng'ombe asiye na malisho humpeleka kwa mwenzake amfugie. Maziwa ni ya mfugaji, ndama ni wa kugawana. Naye mwenyewe huenda kumtazama bila kutoa taarifa, mkononi kabeba sukari.

"Baba alikuwa na swali moja tu," anakumbuka. "'Aliugua lini mara ya mwisho?' Mfugaji akisema huyu hajawahi kuugua, baba anajua ng'ombe keshaliwa."

Akawapigia mabroka watatu na swali hilo hilo. Wa kwanza alikata simu. Wa pili akaapa kwamba kwake pesa hazishuki, kila wiki ni faida tu. Tryphena akamshukuru kwa heshima, kisha akaifuta namba yake. Wa tatu alikuwa Sifuna.

"Akaniambia, 'Mama, hata juzi bei zimeshuka, na zinaweza kushuka tena.' Nikamwambia, ni wewe! Maskini, akanirudia kwamba zinaweza kushuka. Nadhani hajawahi kuona mteja akifurahia habari mbaya hivyo." Binti yake, Shanice, alihakiki leseni, na hisa zikanunuliwa.

Shida ni kwamba desturi hakuiachia hapo. Wiki iliyofuata alivaa gauni la kanisani, akabeba kilo mbili za sukari, akaenda kwenye ghala la kampuni ile ya saruji, nje kidogo ya mji. Mlinzi, Bwana Mulinge, akamuuliza anamtaka nani.

"Simtaki mtu. Nimekuja kuona mali yangu."

"Uko na risiti, Mama?"

"Sinunui. Ni yangu tayari. Na wewe, wanakulisha vizuri?"

Mulinge alimruhusu asimame getini aitazame mifuko ya saruji mpaka aridhike. Sukari aliipokea. "Nimelinda hapa miaka tisa," anasema. "Huyu ndiye mwenye kampuni wa kwanza kunijulia hali."

Jioni, nyumbani kwa Lorna, fundi wa cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, chai inapoa bila mnywaji.

"Mama Shanice, mambo ya ng'ombe mimi sijui," anasema Lorna. "Najua nilitoa pesa yangu ya kitambaa. Hii kitu inakonda kila siku na wewe unatuambia tungoje. Tungoje mpaka ibaki ngozi?"

Wote wanacheka, isipokuwa Tryphena.

"Hata mimi naogopa," anajibu. "Lakini kiangazi kikija hukimbilii kuuza. Unaenda kumtazama mfugaji usoni. Sifuna ameniambia mwezi ujao wenye hisa wote wanaitwa Nairobi, wawaulize wakubwa maswali."

Lorna anakiweka kikombe chini. "Wote? Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Na niulize chochote?"

"Chochote."

Lorna, ambaye maishani hajawahi kualikwa rasmi kumkaripia mtu, anatabasamu kwa mara ya kwanza jioni hiyo. Kura zinapopigwa, wa kungoja wanawashinda wa kuuza, na mkono wa Lorna ndio ulio juu kuliko yote.

Kikundi kimepona, walau kwa mwezi mmoja. Watapanda treni pamoja, wamevaa vya kanisani, na sukari imeshanunuliwa. Tryphena anaomba bei ipande, ingawa hamwahidi mtu.

"Lorna nitamwacha aulize yote anayotaka," anasema akijifunga leso vizuri. "Mimi niko na swali moja tu kwa mwenyekiti wao. Na akiniambia hii ng'ombe haijawahi kuugua, tunauza hapo hapo ukumbini."