Honi Tatu Chini ya Ngazi

Siku vita vilipoanza, mimi nilikuwa nimelala chali chini ya Landrova kwenye gereji pale Kizota, mjini Dodoma, nabadilisha jani la springi lililokatika. Fundi alikuwa amekwenda kula, kaniachia kazi na redio. Jua lilikuwa kali, grisi imenijaa mpaka kwenye nyusi, na sikuwa na wasiwasi wowote zaidi ya njaa. Mchana nilikula ugali kwa mlenda, vidole bado vinanuka dizeli, nikaona maisha si mabaya.

Gari lile lilikuwa la shirika la umma. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi, mashirika yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na mimi, dereva wa shirika, niliuzwa pamoja na gari. Ndivyo nilivyozoea kusema. Tajiri aliyelinunua mnadani, hapa nitamwita Bwana Sefu, alinikuta nimeegemea mlango wa gari, akasema, "Na wewe umo humo humo." Nilicheka. Nilikuwa na watoto wawili na sina kazi. Hata wewe ungecheka.

Kazi ilikuwa kununua karanga na ufuta vijiji ambavyo lori halifiki. Karanga nzuri kuliko zote zilikuwa kwenye kijiji cha juu ya mlima, ng'ambo ya Mvumi, na njia ya kufika huko ilikuwa njia kwa jina tu. Kwanza korongo kavu, kisha changarawe inayoteleza, kisha mahali wenyeji walipopaita Ngazi: vipande saba vya mwamba vilivyopandana, vingine vinakufika gotini. Ukifika pale unashuka, unafunga magurudumu ya mbele kwa spana ili nayo yavute, unarudi ndani, unaweka gia nzito. Baada ya hapo huoni kitu. Boneti imeelekea juu, unatazama mawingu, na mawe yako chini ya bampa.

Kwa hiyo unahitaji macho ya mtu mwingine. Macho yangu yalikuwa Ezekia.

Ezekia alikuwa mkulima wa pale juu, mrefu, mwembamba, na ndiye aliyekuwa akimkusanyia Bwana Sefu karanga. Alikuwa pia mtani wangu. Babu yangu alifika Dodoma na misafara ya zamani ya wapagazi, na Ezekia hakuniacha nisahau. "Babu yako alichoka hapa, akatua mzigo wa watu, akasema nimefika," alikuwa akiniambia. "Wewe umepewa gari na bado unachoka!" Nami nilimjibu kwamba kwao walijenga juu ya mawe kwa sababu kiwanja walichaguliwa na mbuzi.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Nikifika chini ya Ngazi napiga honi tatu. Popote alipo, shambani au kilabuni, Ezekia aliacha alichokuwa anafanya akashuka. Alitembea kinyumenyume mbele ya gari, macho yake kwenye matairi. Kiganja cha upande wangu wa kulia kikifunguka, nakata kulia. Cha kushoto, kushoto. Ngumi, nasimama. Jiwe alilolikanyaga, tairi lipande hapo hapo. Hakujua kuendesha hata baiskeli, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jiwe kubwa huliachi lipite katikati ya magurudumu. Unalipanda, la sivyo litakupasulia difu, lile bonge la gia linaloning'inia katikati ya ekseli. Kwa miaka mitatu hatukupasua difu hata mara moja.

Chini ya mlima ule kulikuwa na bonde lenye maji hata kiangazi, lililokuwa mali ya shirika. Shirika lilipokufa, wenye mashamba wa juu walisema bonde ni lao. Wenye ng'ombe wa upande wa pili nao wakasema ni lao. Bwana Sefu alinunua karanga kwa hawa na ng'ombe kwa wale. Nilikuwepo, nimeshika usukani, alipowaambia wa juu, "Bonde ni lenu, limeni." Wiki ile ile akawaambia wa upande wa pili, "Bonde ni lenu, lisheni." Mimi nikawasha gari. Dereva hasemi. Kila nikikumbuka maneno hayo mawili naona kinyaa, maana mdomo nilikuwa nao.

Ng'ombe waliingia kwenye karanga. Mchungaji mmoja akakatwa panga. Kesho yake nyumba zikachomwa kule juu. Mjini waliita jambo hilo mgogoro, wakaliandikia barua.

Siku ya tatu Bwana Sefu aliniita. "Wamepoa," akasema. "Nenda kaniletee magunia yangu kwa Ezekia kabla hayajaungua."

"Na polisi?"

"Polisi hawana gari la kupanda pale. Wewe unalo."

Nikaenda. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Kwenye korongo nilianza kusikia harufu. Ghala la karanga likiungua linanukia vizuri, na hilo ndilo linalonichukiza mpaka leo: lilinukia kama karanga za kukaanga za sokoni, na mate yakanijaa mdomoni. Mbele kidogo nikamwona mbwa aliyeungua, na ng'ombe wawili waliokatwa mishipa ya miguu, wazima bado, wananitazama. Nikayameza mate yangu. Sijala karanga tena.

Nikafika chini ya Ngazi. Kimya. Hapa ningependa kusema kwamba mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Si kweli. Nilitazama yale mawe, nikaogopa kupasua difu ya Bwana Sefu, nikapiga honi tatu.

Baada ya muda Ezekia akatokea juu, kutoka nyuma ya majabali, akashuka mpaka mbele ya gari. Alikuwa na majivu kichwani, shati limechanika begani. Hakunitania.

"Umefuata nini?"

"Magunia."

Alitazama nyuma ya gari, tupu. Kisha akasema, "Kuna wazee wawili wana mishale mwilini. Na watoto, na kina mama, wako pangoni. Panda. Utawashusha hao." Akaanza kurudi kinyumenyume, akanyoosha mikono.

Nikafunga magurudumu, nikaweka gia nzito.

Kipande cha kwanza. Cha pili. Kiganja cha kulia. Cha tatu, akakanyaga jiwe, nikalipanda. Gari lilikuwa linalia, mimi natazama mikono yake tu.

Cha nne. Cha tano.

Ngumi. Nikasimama.

Ngumi haikufunguka. Nikamwona anatazama chini, tumboni mwake, pale ubavu unapoishia. Mshale ulikuwa umesimama.

Nikataka kushuka. Akatikisa kichwa.

Akafungua kiganja cha kulia. Nikakata kulia.

Tairi likapanda cha sita. Akakanyaga jiwe la mwisho, nami nikalipanda hilo pia. Ndipo akakaa chini, taratibu.

Vijana watatu walikuwa juu ya mwamba upande wa kushoto. Mmoja nilimjua, tulinunua ng'ombe kwao mara nyingi, na mama yake alishanipa maziwa. Alikuwa bado ameshika upinde. Alinitambua, akaushusha.

"Shikamoo, dereva," akasema.

"Marahaba," nikajibu.

Niliitikia. Rafiki yangu amekaa kwenye vumbi na mshale tumboni, nami nikaitikia marahaba, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesalimiwa dukani. Yule kijana akaongeza, "Mwambie Bwana Sefu ng'ombe wako tayari." Wakaondoka bila kukimbia.

Nilimpakia Ezekia kiti cha mbele. Wazee wawili na watoto wakatolewa pangoni, wakaingia nyuma, na kina mama wakafuata kwa miguu, akiwemo Perisi, mke wa Ezekia, kwa kuwa nafasi haikutosha. Kushuka hapakuwa na mikono mbele yangu. Kwenye kipande cha nne niliacha jiwe likapita katikati, nikasikia difu ikipasuka. Ezekia naye alisikia. Alifumbua macho, akasema, "Nilikwambia." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Tulikwenda mbio, oili inamwagika nyuma yetu barabara nzima, lakini tulipofika hospitali alikuwa ameshakwenda. Mzee mmoja alipona.

Bwana Sefu alikuja pale hospitali jioni ile. Akazunguka gari, akainama, akatazama chini. "Magunia yako wapi?" akauliza. Nilimtapikia karibu na viatu, kwa kweli si kwa makusudi, na hiyo ikawa kazi yangu ya mwisho kwake.

Msibani watu wazima waliniita mbele. Mtani hakai nyuma. Mtani ananyang'anya jembe, anamsema marehemu, anawachekesha wafiwa ili machozi yapungue. Nilisimama kando ya kaburi na sikuwa na utani. Nikasema kweli: "Huyu nimemuua mimi. Alikuwa amejificha vizuri, nikampigia honi."

Wakacheka. Wazee walicheka, vijana walicheka, mmoja akanipiga begani akasema mtani huyu ana mdomo. Nikarudia: nimemuua mimi. Wakazidi kucheka.

Perisi hakucheka. Watu walipokwenda kunawa mikono alinijia, akakaa kwenye udongo karibu nami. Nikamwamkia kwa lugha yao, "Mbukwenyi," kwa kuwa nilikosa jingine.

"Tuliisikia honi," akasema. "Wote mle pangoni tuliisikia. Nikamshika shati, nikamwambia usitoke, watakuona. Shati likachanika mkononi mwangu."

"Akasemaje?"

"Alisema, niache, mke wangu, yule kule chini haoni."