Gawio Linatoka Wapi

Naikumbuka siku moja, mwanangu, nilipompeleka Mjomba Chiteji kukitazama kiwanda cha kusindika zabibu kule Ihumwa. Mjomba alikuwa mkaguzi wa hesabu mstaafu, mtu wa maneno machache. Baba yetu alikuwa amefariki na kutuachia ng'ombe kule Gulwe, mimi na kaka yangu Yona. Ukame ulikuwa ukiwamaliza, nasi tukakubaliana tuwauze tununue hisa.

Yona alikwisha kuchagua kiwanda hicho. Wanahisa wake walikuwa wakitembea mjini kifua mbele.

“Mjomba, gawio lao ni kubwa, na mwaka huu wameliongeza,” nilimwambia njiani, nimejaa furaha.

“Hilo umeshaniambia. Mimi nimekuuliza linatoka wapi.”

Sikuwa nimejiuliza.

Getini tulikuta wakulima wamekaa juani na matenga ya zabibu, nyuki wamewazunguka. Mama mmoja alimwamkia mjomba shikamoo, naye akamuuliza wanasubiri nini.

“Malipo ya msimu uliopita, baba. Wakitulipa ndipo tutashusha hizi.”

Mjomba aliingia ofisini, akaomba taarifa ya hesabu za mwaka, akaisoma amesimama. Tulipotoka uso wake ulikuwa umekunjamana.

“Faida yao ni kiduchu. Wamekopa benki, wamewakopa na hawa wanyonge, ili wawafurahishe wenye hisa. Mwanangu, huyu ni ng'ombe anayekamuliwa mpaka ndama wanakufa. Na wewe na usomi wako umetazama ndoo ya maziwa tu!”

Karipio lile liliniingia. Nilimweleza Yona yote, hata habari za wale wakulima. Akacheka.

“Mjomba kazeeka, dada. Wazee huogopa kila kitu.”

Akatia fungu lake lote pale. Mimi, kwa ushauri wa mjomba, nilinunua hisa za kampuni ya saruji ambayo mtaani hakuna aliyeitaja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Haikupita misimu mingi, kiwanda kikafungwa. Yona alirudi Gulwe hana hata mbuzi. Hakunilaumu, lakini aliacha kukanyaga kwangu hapa Ipagala. Gawio langu lilikua polepole, nikasomesha wanawe. Aliwatuma waje kunisalimia, yeye mwenyewe hakuja. Nilimzika tukiwa hatujakaa tena meza moja. Watu huniambia niliona mbali. Ee, niliona. Lakini kuona mbali hakukunirudishia kaka.

Sasa nimechoka, mwanangu. Kila Jumapili baada ya ibada vijana hunijia na simu zao mkononi: “Bibi, ipi inatoa gawio kubwa?” Nami narudia yale yale, kama mtu anayetwanga uwele mkavu.

Nisikilize wewe, basi. Gawio kubwa kupita faida ni mkopo uliovishwa nguo ya sikukuu. Tafuta kampuni ambayo watu wanairudia hata mwaka wa njaa, inayopata faida, ikagawa sehemu na kubakiza ya kutengeneza mashine zake. Madeni yake yasiwe mzigo wa kuivunja mgongo. Wakubwa wake wakikosea, waseme wamekosea. Uliza pia wanawalipaje wanaowauzia mali, maana anayemdhulumu mkulima leo, kesho atakufikia wewe. Ukiipata, usiihangaikie kila bei inapotikisika. Gawio liongezeke kidogo kidogo, miaka ifanye kazi yake. Mwenda pole hajikwai. Na nduguyo akikataa ushauri wako, mwache akatae, ila usiache kumfuata nyumbani kwake. Mimi nilingoja aje.

Mungu akupe jicho la kuona kilicho chini ya gawio, na subira ya kungoja. Akupe umri wa kula jasho lako, na ndugu wa kula naye.