Kukaanga Mawe Madale

Shangazi yangu, dada wa baba, alinipa hadi Ijumaa. Nikishindwa kumwonyesha faida ya miche yangu, uwanja wa nyuma ya nyumba yake hapa Madale unajengwa banda la kuku. Na fundi wa banda keshaitwa. Mie kazi sina, miche yangu ya hoho inaozea kwenye udongo mzito, na uwanja huo ndio tegemeo langu pekee.

Nilikuwa nimeletewa kiroba cha vemikulaiti kutoka Morogoro: vijiwe bapa, vyenye tabaka tabaka kama manda za sambusa. Vikipata moto vinafura, vinakuwa vyepesi, vinashika maji bila kuozesha mizizi. Nilishaviona kwa wakulima wakubwa. Kukaanga tu, nikajiambia, kuna nini hapo?

Alhamisi asubuhi nikajaza karai pomoni, nikabandika kwenye jiko la mkaa, nikakaa. Saa nzima! Vijiwe vimenikodolea macho tu. Shangazi, ambaye ndiye muuza bisi wa mtaa, akapita, kanga kiunoni.

"Unapika mawe? Mtu akikuuliza, mie si shangazi yako."

Nikanuna. Nilitaka kulia, wallahi. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Kuona mtu anakaanga vibaya kunamwashaga mwili yule mama.

"Hebu toka! Hapo unachemsha, hukaangi."

Akamwaga vyote, akaongeza mkaa, akapepea mpaka karai tupu likawa jekundu. Ndipo akatupa konzi moja.

Toba! Vijiwe vikaruka, vikajinyoosha, vikajikunja kama viwavi, vinang'aa rangi ya dhahabu! Shangazi akapiga kigelegele. Mie nikacheka mpaka nikakaa chini. "Tia ingine!" "Tia wewe!" Barakoa tulizojifunga kuzuia vumbi zimetukaa upande kwa vicheko, karai linafurika. Nikajaza vijiwe kwenye kopo lenye matundu, nikamimina kikombe cha maji: hata tone halikuchuruzika. Shangazi akaliinua kopo, akachungulia chini yake, akalirudisha.

Ijumaa fundi akaja na tepu yake, akauliza nguzo ya kwanza aichimbie wapi. Shangazi hakunyanyua hata kichwa. Alikuwa anapepea moto.

"Banda sitaki tena, baba. Hapa pana miche." Kisha akanigeukia mie. "Na wewe, nenda kapande. Karai usiliguse."