Ndizi Tatu za Mukwe Wangu

Mujukuu wangu wa kwanza ana batate babili, ni kusema bibi babili. Mimi ni mama ya baba yake, na mukwe wangu wa kijiji cha Swima ni mama ya mama yake. Mimi ndiye nilimulea hapa Baraka tangu alipoacha kunyonya. Lakini kila akiingia nyumbani, neno lake la kwanza ni: "Habari ya Swima?" Neno hilo linanichoma mpaka leo, na sina haya ya kulisema.

Alipopata kazi ya kufuata sokomutu, ule nyama wa pori anayefanana na muntu, katika parke ya milimani juu ya Fizi, alituita sisi babili tupande tukapikie kundi lao siku ine. Tulilala katika hema moja, migongo ikigusana kama bandugu. Mukwe alipata usingizi. Mimi nilihesabu mara ngapi mujukuu alimuita yeye mbele yangu.

Tulipika bugali, sombe ya muhogo na ndakala, samaki ndogo tulizopanda nazo toka Baraka. Zawadi ilikuwa moja: asubuhi ya mwisho, tate mumoja angeenda na mujukuu kuona sokomutu wakiamka juu ya miti, katika vitanda vyao vya majani. Mumoja tu, kwa sababu mulinzi wa pori hakutaka bantu bengi. Mimi nilikuwa nimeshafua kitenge changu.

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, mujukuu alikuja jikoni. Mukwe alikuwa ameenda mutoni kuteka maji.

"Tate, kesho naenda na Mukwe wako. Yeye mudomo yake iko kimya."

"Na yangu?"

"Yako, Tate, banaisikia mpaka Lusenda."

Bale balikuwa pale bakacheka. Nikacheka nao, ila moyo haukucheka.

Akaendelea: "Umuambie asibebe chakula hata kidogo. Sokomutu akionja ndizi yetu, atashuka mu mashamba, na kule batamuua. Mulinzi akikuta chakula, anamurudisha muntu."

Nikajibu, "Nitamuambia."

Mukwe alirudi na bidoni yake kichwani, na habari mudomoni: sokomutu mumoja amezaa. Alifurahi kama amezaa mutoto wake. Nikamuambia kesho ni yeye anaenda. Akachagua ndizi tatu zilizoiva, akazifunga katika kitambaa.

"Unapeleka wapi?" nikamuuliza.

"Mukwe, utaenda kwa mama mwenye mutoto muchanga mikono mitupu? Hata kama iko nyama ya pori, amezaa."

Kwetu ni hivyo. Hakuna mwanamuke anaingia kwa muzazi bila kitu mukononi. Aibu hiyo itamufuata mpaka kaburini. Ningeweza kumuambia maneno mawili tu, yakaisha. Nilikoroga bugali, nikanyamaza.

Asubuhi, mwanzo wa njia, mulinzi alifungua mifuko yote. Akatoa zile ndizi. Hakupiga kelele. "Mama, wewe unabaki."

Mujukuu akanigeukia. "Tate, ulimuambia?"

"Nilimuambia."

Mukwe aliniangalia. Nikangojea anikane mbele ya bote. Jibu langu lilikuwa tayari. Akakunja kitambaa chake polepole, akasema, "Labda nilisahau. Uzee. Muende, jua linapanda."

Basi nikaenda mimi.

Sitadanganya kwamba sikufurahi. Tulikaa chini ya muti, vitambaa vikifunika midomo yetu, na mujukuu akanipa jumeli yake ya kuonea mbali. Mama sokomutu aliketi kitandani pake, nyele zimesimama kama za muntu aliyeamshwa mbio. Mutoto alimuvuta mudomo wa chini, akatoa jani lililotafunwa, akalitia mudomoni mwake mwenyewe. Mama hakumupiga. Alimuangalia tu, kama mimi nilivyomuangalia huyu aliyekaa kando yangu, zamani, alipokuwa akininyang'anya chakula mudomoni. Nikataka kumuambia mujukuu maneno hayo. Nikamugeukia.

Alikuwa anaangalia mimi, si ile miti.

"Mukwe wako hasahau kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Anakumbuka siku ya kuzaliwa ya batoto bote ba kwaya yao. Hukumuambia, Tate."

Mudomo wangu, ule unaosikika mpaka Lusenda, haukutoa kitu.

Tulirudi kambini. Mukwe alikuwa ameshafunga mizigo, yake na yangu. Akaniuliza, "Na mutoto iko muzima?" Nikasema ni muzima. Akamushukuru Mungu kweli kweli, na mimi nikamuonea wivu hata kwa hilo, kwamba anaweza kufurahi kwa kitu alichonyimwa.

Wakati wa kushuka, mujukuu alibeba muzigo wa Mukwe mugongoni. Wangu niliubeba mimi mwenyewe.