Mlangoni kwa Mfinyanzi

Mume wangu alikuwa mtu wa sauti ndogo. Wenzake walimtania kwamba akiadhini, hata kuku wa jirani hawashtuki. Mimi sauti ile ndiyo iliyonitoa kwetu Lindi mjini, nikamfuata shamba kwenye kijiji cha ujamaa, njia ya Kilwa.

Miaka ile ng'ambo ya Ruvuma watu walikuwa wakipigania uhuru wao, na wakimbizi walikuwa wakija kwetu. Jirani zetu walikuwa miongoni mwao, mke na mume Wamakonde na watoto wao. Mke alikuwa mfinyanzi. Mume wangu aliapa kwamba kisamvu cha nazi hakina ladha kisipopikwa kwenye chungu cha yule mama, nami sikukasirika, maana ilikuwa kweli.

Siku moja adhuhuri mgeni alifika kwenye duka la kijiji, akaacha sanduku. Alisema ni dawa za wapigania uhuru, watakuja kulichukua. Muuzaji alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kijana mcheshi aliyependwa na kila mtu. Mgeni alipoondoka, shemeji akalisogeza sanduku apate pa kuweka magunia ya chumvi. Likalipuka.

Shemeji alifia palepale. Mume wangu alikuwa barazani, akatupwa ukutani. Nilimkuta amekaa chini, damu inamtoka masikioni, ananiuliza kwa nini nafungua mdomo bila kusema. Nilikuwa napiga mayowe.

Tulimzika shemeji kesho yake. Wanaume walipotoka makaburini, vijana wakachukua mapanga na vibiriti wakaelekea nyumba ya mfinyanzi. "Hawa ndio waliotuletea vita!" walisema. Mume wangu hakusikia neno, lakini aliona wanakoelekea. Aliwapita mbio, kanzu ameikunja mkononi, akasimama mlangoni kwa jirani.

"Rudini nyumbani!" alisema. Kumbe alikuwa akipiga kelele bila kujijua. Sikuwa nimepata kumsikia hivyo, wala wao.

Mmoja akamuuliza, "Wewe huna uchungu na mdogo wako?"

Alinitazama mimi. Nikamsogelea, nikayarudia maneno yale karibu na sikio lake la kushoto, lililobakiwa na uhai kidogo.

"Uchungu ninao!" alijibu. "Nimemshusha kaburini kwa mikono hii! Namtaka aliyefanya. Huyu mama amefanya nini? Amekimbia mabomu kwao, sasa tumchome sisi?"

Mwingine akamwita mwoga. Mume wangu akanitazama tena, anasubiri. Neno lile sikumfikishia. Nilimwambia, "Wanasema wamekuelewa." Akaitikia kwa kichwa, akawashukuru kwa adabu kabisa, na wao wakaona haya. Kijana wa mbele akashusha panga. Mwenyekiti wa kijiji alipofika, walikuwa wameanza kutawanyika.

Ndani, mumewe hakuwapo; yule mama alikuwa amewalalia watoto wake kama kuku anavyoatamia. Niliwaletea maji, tukalia wote.

Polisi walipokuja, mume wa mfinyanzi akawaeleza kwamba mgeni yule alipita kwake kuomba maji ya kunywa. Alimkumbuka sura na kovu la shingoni. Baada ya muda mtu huyo akakamatwa.

Kesi ilisikilizwa Lindi. Tulifikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Rasbura, naye akamlisha mume wangu samaki hadi akawa anajificha chumbani. Mahakamani niliruhusiwa kukaa karibu yake nimrudilie maswali. Alipomwona mshtakiwa, mtu mwembamba asiyetazama watu usoni, aliubana mkono wangu. Lakini alieleza alichokiona, hakuongeza.

Mtu yule alihukumiwa kifungo kirefu. Nje, binamu yetu akasema wangetuachia sisi tumalizane naye. Mume wangu hakumsikia. Aliniuliza, "Alipojitetea alisema nini?"

"Alisema alitumwa na wakoloni wa ng'ambo. Sababu nyingine hakutoa."

Akasema, "Nilitamani nimsikie mwenyewe. Basi, hakimu amemsikia kwa niaba yangu."

Njia nzima ya kurudi alilala begani kwangu.

Shemeji aliacha mikorosho michanga na mjane mwenye mtoto mgongoni. Mikorosho ile tuliipalilia pamoja na mfinyanzi na mumewe, msimu baada ya msimu, mpaka nchi yao ilipopata uhuru wakafunga mizigo. Siku waliyoondoka, mume wangu aliwapakilia vitu vyao kwenye lori, akarudi nyumbani, akakataa chakula.

"Kwao ni kwao," nilimwambia sikioni.

"Najua," akasema. "Lakini nilikuwa nimewazoea."