Njaa ya Baba Mdogo

Juma lililopita, huko Manyatta, nilimwona kijana mwenye kichupa cha gundi puani akiutafuta mlango wa kwao, ilhali alikuwa ameuegemea. Nikamkumbuka baba mdogo, fundi viatu wa Asembo Bay. Shati lake lilinuka gundi daima, nami nikidhani hiyo ndiyo harufu ya ufundi. Sikujua kwamba aliivuta, wala kwamba ilikuwa ikiitafuna kumbukumbu yake.

Kwa kuwa nilirithi jina la marehemu mama yake, aliniita Mama. Alasiri moja nikiwa mtoto, dagaa aina ya omena wakiwa wameanikwa uani, nilitumwa nimpelekee ugali na samaki.

"Mama, nimekula?" aliniuliza.

Nilidhani ananitania. "Umekula, umemaliza," nikajibu, nikaanza kujilia mwenyewe mbele yake.

"Basi mbona nina njaa?"

"Hiyo ni ya kesho, Baba."

Nilicheka hadi nikapaliwa. Yeye hakucheka. Alilitazama tumbo lake kwa mashaka, kisha akanitazama mimi. Na kati yetu wawili, aliniamini mimi. Alikwenda kunawa mikono kama aliyekwisha kula, akarudi kunishukuru kwa chakula.